Kikaratasi Kilichobanduka

Kazi yangu ilikuwa kuyapa magonjwa namba. Nikisema hivyo leo watu hucheka wakidhani natania, lakini ndivyo nilivyoumaliza ujana wangu, katika hospitali moja ya Tabora, enzi za Mwingereza. Daktari aliandika jina la ugonjwa kwenye kadi kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa. Mimi nilifungua kitabu kikubwa cha orodha, nikatafuta namba ya ugonjwa huo, nikaiandika kwenye rejesta kwa wino mweusi. Mwisho wa mwezi nilijumlisha namba zote na kuzipeleka stesheni zipande garimoshi la Dar es Salaam. Malaria ilikuwa na namba yake, kuumwa na nyoka kuna yake, na hata aliyekanyagwa na ng'ombe alikuwa na yake. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana waliofanya kazi pale hawakunikosea kitu.

Ugumu wa kazi ile haukuwa namba. Ulikuwa masahihisho. Kila baada ya miezi michache bahasha nene ilishuka na garimoshi, na ndani yake mna vikaratasi vyembamba vilivyopigwa chapa, kila kimoja cha kubandikwa juu ya mstari fulani wa ukurasa fulani. Namba hii imefutwa. Ugonjwa huu usihesabiwe tena pamoja na ule. Huu sasa ugawanywe mara mbili. Wenye elimu wa Ulaya walikuwa wanabadili mawazo, nasi huku tunawafuata nyuma na gundi mkononi. Karani mwenzangu wa Nzega alivitia vikaratasi vyake kwenye droo na kuifunga, akasema magonjwa ya Wasukuma na Wanyamwezi ni yale yale, hayangoji bahasha.

Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa na kiburi, na sioni haya kukiri. Bahasha ikifika asubuhi, hadi alasiri kila kikaratasi kimekaa mahali pake, kimenyooka, na pembeni nimeandika kwa penseli tarehe niliyokibandika, kama waraka wa Dar es Salaam ulivyotaka. Daktari wetu, Mwingereza mrefu mwenye subira ndogo, aliwahi kunikuta naandika namba kutoka kichwani. Alinipokonya kalamu.

"Kitabu ndicho kinakumbuka," alisema. "Wewe soma tu."

Maneno yale yaliniingia. Tangu siku hiyo sikuandika hata namba ya mafua bila kufungua ukurasa.

Gundi ya bohari ilipokwisha niliomba nyingine mara tatu, sikujibiwa. Haikunitia wasiwasi, maana mimi ni mtoto wa mjalidi. Pale mtaani Chemchem baba yangu alikuwa akijalidi misahafu na vitabu vya chuoni, na gundi yake aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, juu ya moto mdogo, mpaka inakuwa kama uji mzito. Kabla hajaitua, alitia kijiko kimoja cha maji ya shubiri. Uchungu ule ndio uliowafukuza mende, kwa sababu mende anapenda muhogo kuliko sisi tunavyoupenda. Mimi nilipika gundi ya baba yangu na kuiacha shubiri. Shubiri huacha rangi ya njano kwenye karatasi, nami nilitaka kurasa zangu ziwe nyeupe daktari akizifungua. Ndiyo sababu yenyewe, wala sina nyingine.

Dada yangu alikuwa ameolewa kijiji kimoja cha upande wa Nzega. Mumewe alikwenda kukata mkonge pwani, akaleta barua mbili, kisha kimya. Dada akabaki na shamba la karanga na mtoto wa kike mchanga aliyezaliwa baba yake hayupo. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, na ndiye aliyewahi kumpiga mtoto wa jirani kwa ajili yangu, kisha akanigeukia na kunipiga mimi kwa kulia mbele ya watu. Nilimpenda sana, na nilimwogopa kidogo.

Siku moja alifika ofisini kwangu na mtoto mgongoni na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kichwani. Tulisalimiana, nikampokea mzigo. Ndipo akaninyooshea mkono wake wa kushoto.

"Mdogo wangu, hebu tazama hapa," alisema. "Juzi nimeungua na chungu, sikusikia. Ngozi imetoka na ufuniko, mimi naendelea kusonga ugali."

Kulikuwa na doa jeupe-jeupe kwenye mkono, jingine begani, na dogo karibu na sikio. Nilimpeleka kwa daktari mwenyewe. Akamchoma kwa ncha ya pini, dada akawa anatazama dirishani kana kwamba anachomwa mtu mwingine. Daktari aliandika kwenye kadi kwamba ni ukoma, madoa matatu yasiyo na hisia, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika orodha yetu, magonjwa mengine yalikuwa na nyota ndogo kando ya namba. Jina la mgonjwa aliyepata namba yenye nyota liliingia kwenye orodha ya kutengwa, na orodha hiyo ilikwenda kwa bwana shauri wa wilaya na kwa mtemi wa mgonjwa. Daktari alitia sahihi tu chini. Aliyeamua ni kitabu, na mwenye kukifungua kitabu ni mimi.

Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa zamu, alisimama mlangoni akinitazama. Alijua ni dada yangu. Nilijua anachofikiri, kwamba sasa tutaona kama karani huyu anayetusumbua kwa usahihi atajua kusoma leo. Basi nikakifungua kitabu wazi mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari. Ukoma: namba moja, nyota moja. Nikaandika.

Nataka kusema sikuona kitu, lakini niliona. Mstari ule ulikuwa katikati ya sehemu iliyokuwa nyeupe kuliko ukurasa wote, yenye pembe nne, kama ukuta ulioondolewa picha. Niliona na nikadhani ni uchakavu tu, hata tarehe yangu ya penseli pembeni sikuisoma. Nilikuwa nimeshughulika mno kuonyesha kwamba sipendelei.

Siku ya lori la kuwapeleka wagonjwa kambi ya wakoma, dada alinipa mtoto. Watoto hawakuruhusiwa kambini, na huyu alikuwa na miezi tisa tu, bado ananyonya. Mke wangu alimpokea kwa mikono miwili. Sisi tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na majirani walikuwa wamekwisha kuchoka hata kutuuliza. Dada alimweleza mke wangu jinsi ya kumlaza na jinsi asivyopenda kufunikwa miguu, akaongea bila kupumua kama mtu anayeagiza vitu sokoni. Khanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Wifi, nikirudi nitamkuta mzima?" aliuliza.

"Mzima, wifi. Mungu akipenda."

Lori lilishika njia ya magharibi, ile ya misafara ya zamani. Babu yetu aliipita njia hiyo na jino la tembo begani, na bibi alizoea kusema kwamba waliokwenda nayo waliaga kama watu wanaokufa, kwa sababu wengine hawakurudi. Sikupenda kukumbuka hayo siku ile. Dada alikaa nyuma kabisa ya lori akitutazama, mkono wake wenye kidonda ameuficha ndani ya khanga, kwa aibu. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu alikubali uji.

Miezi minne baadaye nilisogeza kabati la rejesta, ambamo kitabu kililala usiku, ili wafagiaji wapate kupita. Nyuma yake mende walikuwa wamejaa tele. Na sakafuni, kati ya vumbi na mavi ya mende, kulikuwa na vikaratasi vyangu, saba au vinane. Mgongo wa kila kimoja ulikuwa umekwanguliwa muhogo wote, umebaki safi kama sahani iliyolambwa. Nilichuchumaa nikaviokota kimoja kimoja. Cha tano kilikuwa cha ukoma.

Kilisema ukoma sasa ugawanywe mara mbili. Ule unaoambukiza ubaki na nyota yake. Ule wa madoa machache yasiyo na hisia upewe namba mpya, nao hauna nyota. Mwenye huo atibiwe akiwa kwake.

Nilikuwa nimekibandika mimi mwenyewe, mwaka mmoja kabla dada hajaungua na chungu. Nilikuwa nimekisoma. Kisha nilikisahau, kwa sababu nilifundishwa kwamba si kazi yangu kukumbuka.

Nilipika gundi upya siku ile ile, na safari hii nilitia shubiri vijiko viwili. Nilikibandika kikaratasi mahali pake, na pembeni nikaandika tarehe kwa penseli, kama waraka ulivyotaka. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kutunga kichwani barua ya kumwambia daktari.

Nilipofungua mlango wa ua, mtoto alikuwa amesimama. Mke wangu alikuwa amechutama hatua tatu mbele yake, amenyoosha mikono, anacheka na machozi yanamtoka. Mtoto akatupa mguu mmoja, akatupa wa pili, akaanguka kifuani mwake. Akasema, "Mama."

"Umesikia?" mke wangu aliniuliza. "Baba, umesikia?"

Hakuwahi kuniita baba kabla ya siku hiyo. Nikasema nimesikia. Barua sikuiandika jioni ile.

Kesho yake nilijiambia kwamba mvua zimeanza na barabara ya magharibi itakatika, hakuna lori litakalopita, barua ya nini? Na kweli barabara ilikatika. Mvua zilipoisha nilijiambia nina hesabu za kufunga nusu mwaka. Kisha daktari alikuwa safarini. Mtu mwenye elimu kidogo kama mimi hakosi sababu, na kila moja ilikuwa ya kweli ukiitazama peke yake. Mchana nilifanya kazi yangu barabara kuliko zamani. Sikumwambia mke wangu. Mtoto alianza kunidaka miguuni nikirudi kazini, nami nilimbeba nikanusa kichwa chake, nikaona nitaandika wiki ijayo.

Miezi minane ilipita hivyo. Niliijua idadi yake kila siku, maana tarehe ilikuwa pale kwenye ukurasa.

Kilichonishinda ni barua ya dada. Hakujua kusoma wala kuandika, alimwandikisha mwalimu wa dini mmoja wa kule. Alitusalimu sote kwa majina, akauliza mambo matatu tu. Meno ya juu ameota? Anatembea? Je, bado hapendi kufunikwa miguu? Mwisho alisema yeye hajambo, kidonda kimepona, nasi tusihangaike.

Nililia ofisini, mlango wazi, dresa akinitazama. Kisha nikaandika barua rasmi kwamba kumetokea makosa ya kitabu, nikaipeleka mezani kwa daktari. Aliisoma mara mbili. Hakunigombeza, akasema tu, "Pole," na akatia sahihi.

Dada alirudi amenenepa kidogo, madoa yamefifia. Mimi ndiye niliyempokea stesheni ya malori. Tulipofika nyumbani mtoto alikuwa anachezea maganda ya karanga uani. Dada aliweka kapu chini taratibu, akapiga magoti, akamwita kwa jina alilomwita akimnyonyesha, jina ambalo sisi tulikuwa tumeacha kulitumia. Mtoto alimwangalia. Akakimbia nyuma ya mke wangu, akajifunika uso kwa khanga yake, akasema, "Mama, huyu nani?"

Mke wangu aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Dada alisimama, akajipangusa vumbi magotini, akaomba maji ya kunywa.

Alasiri tulikaa wawili tukimenya karanga. Nilimwambia habari za kikaratasi. Nilimweleza kuhusu mende na gundi, na shubiri niliyoiacha kwa ajili ya weupe wa kurasa. Nilimwambia hakupaswa kwenda kule hata siku moja. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kumenya.

"Uligundua lini?" aliuliza.

Hilo ndilo swali alilouliza, hilo moja tu. Kitabu kilikuwa ofisini na tarehe ilikuwa pale kwa penseli, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Juzi," nilisema. "Nilipogundua tu, nikaandika."

Alinitazama, kisha akanishika bega. "Basi usijitese, mdogo wangu. Mende ni mende. Ungejua, ungeniacha kule?"

Alinisamehe kwa kosa nililomwambia. Lile jingine nilibaki nalo.

Alikaa kwetu siku tisa. Alijaribu. Alimchemshia mtoto maboga na kumwimbia nyimbo za mama yetu, naye mtoto alikula maboga na kusikiliza nyimbo, kisha akarudi kupanda mapajani kwa mke wangu. Usiku alimlilia mama, na mama aliyemlilia alikuwa chumba cha pili. Siku ya kumi dada alikwenda kijijini kwake akamwacha mtoto kwetu kwanza, ili akatengeneze nyumba. Alirudi baada ya wiki moja. Jina lake lilikuwa limesomwa barazani kwa mtemi kutoka kwenye orodha yangu, na lililosomwa barazani halikubanduliwa na kikaratasi. Shamba lilikuwa limegawiwa wengine. Nyumba ilikuwa imechomwa, eti kwa usalama. Shemeji zake walimpa chakula kwenye chungu cha peke yake, na alipomaliza wakakivunja.

"Kule kambini nina watu," alituambia. "Nitapikia wagonjwa. Nitakuwa mfanyakazi kama wewe."

"Na mtoto?" mke wangu aliuliza. Najua alikuwa anaomba mambo mawili kwa pamoja, amchukue na amwache.

Dada aliweka kapu chini. Alimwita mtoto, akachuchumaa asimkaribie sana.

"Hunijui mimi?" alimwambia. "Mimi shangazi yako. Niamkie niende zangu."

"Shikamoo, shangazi," mtoto alisema, akiwa ameshika khanga ya mke wangu.

"Marahaba."

Aliinuka akachukua kapu. Mlangoni aliniambia kwa sauti ndogo kwamba akikua nimweleze, yeye hawezi. Niliahidi. Aliondoka kwa njia ile ile ya magharibi, na safari hii hakuna aliyemtuma.

Miaka minne ilipita kabla kitabu hakijabadilishwa chote. Safari hii hawakuleta vikaratasi. Walileta orodha mpya kabisa, nene zaidi, na kanuni mpya ya vifo ambayo ilinichukua wiki nzima kuielewa. Zamani tuliandika kilichomwua mtu mwishoni. Sasa karani alitakiwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka afike kwenye jambo la kwanza lililoanzisha yote, na namba iwe ya hilo. Niliisifu kanuni ile. Nilimweleza hata yule dresa, nikasema sasa ndipo tutapata ukweli.

Karatasi za vifo za kambi zilipitia kwetu ili zipewe namba. Nililetewa fungu lake asubuhi moja pamoja na chai. Ya tatu ilikuwa na jina la dada yangu. Mwanamke, mpishi, si mgonjwa wa kambi. Homa ya mapafu. Chini yake mganga wa kule aliongeza kwa mkono kwamba marehemu alikuwa akilala ghalani tangu mvua zianze, kwa kuwa vitanda ni vya wagonjwa. Tarehe ilikuwa ya wiki tano nyuma. Alikuwa amekwisha kuzikwa na mimi sijui.

Nilikaa nikaitazama karatasi mpaka chai ikapoa. Kisha nikafanya nilichofundishwa. Homa ya mapafu, kwa sababu ya ghala. Ghala, kwa sababu hakuwa na kitanda. Hakuwa na kitanda kwa sababu alirudi mahali ambapo hakuwa mgonjwa. Alirudi kwa kuwa mtoto hakumjua, na mtoto hakumjua kwa sababu ya miezi kumi na miwili, minne ya mende na minane yangu. Nilirudi nyuma hadi kwenye kijiko cha shubiri, kisha nikasimama pale pale, nimeshika kalamu. Nilipekua orodha mpya, ukurasa kwa ukurasa, kama mpumbavu. Mwishowe niliandika namba ya homa ya mapafu. Ndiyo makosa pekee niliyoyafanya kwa makusudi katika kitabu kile, na hakuna aliyewahi kuyasahihisha.

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema. Mke wangu alikuwa sokoni. Binti alikuwa uani anaandika herufi kwenye ubao wake wa shule, akanikimbilia kama kawaida yake, kisha akasimama alipouona uso wangu.

"Baba, kwa nini unalia?"

Nilikuwa nimeahidi nitamweleza. Nilikaa kwenye kizingiti, nikamshika mikono yote miwili, nikafungua mdomo nimweleze.

"Shangazi yako amefariki," nilisema.

Alifikiri kidogo. Alikuwa na mashangazi watatu, wa kwetu na wa upande wa binamu zangu, na wote aliwapenda.

"Shangazi yupi?" aliniuliza.